Reflekta ya buku tano, koti la elfu 28 na stika za malori: kipi dereva wa gari anakiona kweli usiku

Habari wadau. Mi ni bodaboda, kijiwe changu kiko Mbezi upande wa kwenda Goba, mwaka wa sita huu, na muda wangu wa kazi ni kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa sita au saa saba usiku kutegemea na wateja. Nna Boxer 150, mkataba nilishamaliza so chuma ni cha kwangu mwenyewe, ndo maana hela ya kukitengeneza naitoa bila kuumia sana. Nimetumia kama miezi nane kununua vitu vya kunifanya nionekane barabarani, vingine vimenisaidia, vingine ni urembo tu, na kimoja nusura kinichomee pikipiki, so naandika hapa ili mtu asirudie kuliwa hela kama mimi.

Kilichonifanya nianze ni ajali. Mwezi wa tatu, saa mbili kasoro usiku, mvua imetoka kukata, natoka Goba narudi Mbezi sina abiria, mwendo wa kawaida kabisa. Mbele yangu IST inakuja, inawasha indiketa ya kulia inataka kuingia dukani, namuona kabisa ananiangalia, yani naapa niliona uso wake umegeukia kwangu, nikajua kanisubiri. Hakunisubiri. Nikaingia kwenye mlango wake wa kushoto, goti likavimba wiki mbili. Yule baba akashuka anatetemeka, mtu mzima mstaarabu, anasema "kijana wangu, Mungu shahidi yangu sikukuona." Mi nikapandwa na hasira, nikamjibu vibaya, mzee hunioni vipi na nimevaa reflekta? Akanyamaza. Hospitali alilipa yeye, hilo nashukuru, ila lile neno sikukuona lilinikaa kichwani kwa sababu nlijua hadanganyi.

Sasa tuanze na hiyo reflekta yenyewe, ile ya buku tano wanayouza barabarani na maduka mengi ya vifaa vya pikipiki pale Kariakoo. Wengi wetu tunayo hii. Rangi ya kijani inayowaka, ina mistari miwili ya kijivu kifuani na mgongoni. Mchana inapiga kweli, hapo siiponde, ile rangi inalishwa na mwanga wa jua na mtu anakuona toka mbali. Ila jua likizama ile rangi imelala, haina kazi tena, usiku inayofanya kazi ni ile mistari ya kijivu peke yake. Na hapa ndo wanatupiga. Kuna mstari wa reflekta wa kweli, ambao taa ya gari ikiupiga unarudisha mwanga kule kule kwa dereva, na kuna kitambaa cha kijivu kinachong'aa ng'aa tu kama mfuko wa sherehe. Kwa macho huwezi kutofautisha ukiwa dukani.

Njia ya kujua ni hii, nilionyeshwa na fundi cherehani mmoja anaeshona nguo za walinzi. Washa tochi ya simu, iweke pembeni ya jicho lako kabisa, karibu na sikio, halafu mwambie mtu asimame na reflekta hatua kumi na tano kwenye kivuli. Ya kweli inawaka nyeupe mpaka unashtuka, kama jicho la paka. Ya uongo inabaki kijivu. Ukishika tochi chini kiunoni hutaona tofauti, lazima iwe karibu na jicho, maana mwanga unarudi ulikotoka, hauendi kwingine. Au piga picha na flashi, ni yale yale. Nlivyofanya hivyo kijiweni kwetu tulikua watu tisa wenye reflekta, zilizowaka ni tatu. Moja kati ya hizo tatu jamaa kaipata kazini alipokua mgodini zamani. Mbili zilikua za matangazo, yale makampuni yanatugawia bure, na moja ya hizo tangazo limechapwa juu ya mstari wenyewe so inawaka vipande vipande.

Yangu haikuwaka. Nlikua nafua na jiki.

Baada ya hapo nikanunua koti la elfu 28, lina zipu, mbele wavu wavu hivi hewa inapita, mistari mipana imezunguka tumbo na mingine inapanda mabegani, ndani lina lebo imeandikwa EN ISO 20471. Hicho ni kiwango cha nguo za kuonekana, sasa kuandika lebo ni rahisi hata mimi naweza kuandika, ila nlifanya jaribio la tochi pale pale mbele ya muuzaji na likawaka vizuri sana. Muuzaji alishangaa, akaanza kujaribu stoo yake yote, nikamuacha anajaribu. Uzuri wake: mabegani ndo pananisaidia zaidi. Ubaya wake ni joto, Dar hii bhana, saa kumi na moja jioni umevaa unatoka jasho mpaka miguuni, na ukilowa na mvua mistari inafifia, inakauka ndo inarudi. Nafua kwa mkono, sabuni ya unga, natundika kivulini. Mpaka leo liko vizuri ila ile kijani imeanza kuwa rangi ya ndizi iliyolala, jua linaila.

Nikajua nimemaliza. Kumbe bado sana.

Kuna jamaa yangu anaendesha Noah, tunafahamiana toka shule, nikamuomba siku moja tutoke usiku kwenye kile kipande cha barabara chenye giza huku ndani, yeye na mwenzetu mwingine wa kijiweni watumie pikipiki yangu, mi nikae kwenye usukani wa gari. Sijawahi kujifunza kitu kikubwa kuhusu hii kazi kama usiku ule. Miaka yote nimekaa juu ya pikipiki nadhani mi ni mkubwa, nina taa, nina mlio, nina koti. Ukikaa kwenye gari pikipiki inayokuja mbele yako usiku ni nukta. Nukta moja ya mwanga, basi. Gari lina taa mbili, zikikusogelea zinaachana taratibu, kichwa chako kinajua hili linakaribia. Nukta moja haiachani na kitu, ipo tu, unaiona iko mbali mbali mbali halafu ghafla iko mlangoni kwako. Nlijaribu kukadiria mara kama tano "sasa hivi ningekata kulia ningewahi", na mara tatu ningekua nimemgonga rafiki yangu. Mimi, bodaboda wa miaka sita, namjua ni yeye, namsubiri yeye!

Kingine ni ile nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele. Magari yetu usukani uko kulia, so nguzo ya kulia iko karibu na uso wako kabisa. Jamaa alitokea barabara ya upande wa kulia, mi nasogea taratibu kwenye makutano, akaingia nyuma ya ile nguzo na akabaki humo humo, yani mwendo wangu na wake vikalingana, pikipiki nzima na mtu wake vimefichwa na chuma cha upana wa kiganja. Nlimuona amefika mbele ya boneti. Siku hizi nikifika makutano na kuna gari linatoka pembeni, nabadilisha mstari kidogo, nayumba kushoto kulia, ili nitoke kwenye nguzo. Hiyo ni bure hununui popote.

Halafu tukageuza, nikawa nyuma yake na gari, amembeba yule mwenzetu. Jamani. Lile koti langu la elfu 28, alilovaa yeye, sikuliona hata kidogo. Abiria kakaa nyuma, mgongo wake umefunika mgongo wote wa dereva, kavaa fulana nyeusi, chini ya hapo kuna taa ndogo ya nyuma yenye vumbi. Mistari yote mizuri ya mgongoni inamuangalia abiria tumboni. Yani reflekta imetengenezwa kwa mtu aliye peke yake, na bodaboda akiwa peke yake maana yake hana kazi! Hapo ndo nikaelewa kwanini Kenya sheria inamtaka hata abiria avae ya kwake. Na tusidanganyane, huku kwetu abiria helmeti tu anashika pua anasema inanuka, umpe na koti?

Bado sijasema habari ya dera na khanga. Akikaa mama upande mmoja na dera lake, lile dera linashuka linafunika taa ya nyuma na indiketa. Ukibeba kiroba cha mkaa au ndoo za mama lishe ndo kabisa, nyuma ni giza tupu. Na sisi wenyewe pia, usiku ukiwa na baridi au mvua tunavaa jaketi kinyumenyume, zipu mgongoni, ili upepo usiingie kifuani. Siku ile ya IST nlikua nimevaa hivyo. Jaketi jeusi juu, reflekta chini yake. Yule mzee alikua anaangalia nukta moja na mtu mweusi, na mi namtukana.

So nikaacha kununua vya kuvaa nikaanza kuvalisha pikipiki, na hapa ndo penye sifa zangu zote. Nenda maduka yanayouza vifaa vya malori, sio ya pikipiki, waambie unataka stika za reflekta wanazobandika kwenye matela ya semi. Wanakata kwa mita, mi nlipewa elfu nne mita moja. Ziangalie kwa karibu, ile nzuri ina vichumba vichumba kama sega la nyuki, na hizo zinawaka hata zikilowa kwa sababu juu zimefunikwa. Zile za rangi nyingi zenye maua wanazouza za kupamba pikipiki achana nazo, ni plastiki tu. Nlichukua mita tatu: nyekundu, njano na nyeupe. Nyekundu nyuma, kwenye madigadi na pembeni mwa keria pande zote mbili chini kabisa ambapo dera halifiki. Njano pembeni, kwenye shokapu za mbele na swingamu, ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma. Nyeupe nimekata vipande vidogo vidogo nimezungusha kwenye rimu za mataili yote mawili. Hiyo ya kwenye rimu ndo mshindi wangu wa mwaka. Ukivuka barabara ukiwa umekaa ubavu kwa gari linalokuja, dereva anaona miduara miwili inazunguka, hakuna kitu kingine duniani kinachoonekana hivyo, anajua hii ni pikipiki na inatembea. Jamaa wa Noah alisema kabla ya stika alikua haoni kitu ubavuni mpaka hatua kama thelathini, baada ya stika aliniona toka mwanzo wa kipande.

Kubandika kuna kazi kidogo. Osha kwa sabuni, kausha, futa na spiriti, bandika jua likiwepo chuma kikiwa na joto, kandamiza na kitambaa. Usisafishe kwa petroli baadae kama tunavyozoea kusafisha pikipiki, petroli inaila gundi, nimepoteza kipande cha swingamu hivyo. Na lazima ufute, huku kwetu vumbi la kifusi siku mbili tu stika imekua rangi ya udongo na haifanyi kitu. Mi natembea na kitambaa kwenye kiti, kila giza likianza kuingia nafuta stika, taa, na indiketa, dakika moja tu.

Helmeti. Nlikua na nyeusi, nikanunua nyeupe elfu 45. Hii nlishawishiwa na abiria wangu mmoja anaesoma udaktari pale Muhimbili, nampeleka mara kwa mara, nlivyomhadithia habari zangu za reflekta akanitafutia utafiti kwenye simu tukiwa foleni. Ulifanyika Auckland, New Zealand, ukatoka 2004 kwenye jarida la madaktari la Uingereza. Walichukua waliopata ajali na ambao hawakupata wakalinganisha, waliovaa nguo za reflekta au zile rangi za kuwaka hatari ya kuumia ilikua chini kwa asilimia 37, helmeti nyeupe ukilinganisha na nyeusi asilimia 24, na kuwasha taa mchana asilimia 27. Helmeti rangi tu, bei ni ile ile! Nikasema hapa hakuna sababu ya kubisha. Nimeongeza stika nyuma na pembeni. Ubaya wa nyeupe ni kuchafuka, na kioo chake kimeshaanza michirizi, kwa elfu 45 nlitegemea zaidi.

Hiyo ya taa mchana nlikua nawacheka wanaofanya, tunawapigia kelele "taa kaka! taa!" kila mtu anakuchezeshea mkono kama umesahau. Kumbe Malaysia wamewalazimisha waendesha pikipiki kuwasha taa mchana toka 1992, na India toka Aprili 2017 pikipiki mpya inatoka kiwandani injini ikiwaka taa imewaka yenyewe, swichi ya kuzima haipo. Mi sasa naiacha imewaka muda wote, wakinipigia kelele nawapungia.

Sasa kwenye taa za kuongeza ndo nlipopata hasara. Nlinunua kwanza zile LED kubwa za mraba, mbili elfu 35, pamoja na ile ya nyuma ya kumulika mulika bluu na nyekundu elfu 12. Fundi mmoja, simtaji, akaniunganishia nusu saa, waya moja kwa moja kwenye betri, hakuna fyuzi ya kukata umeme waya ukizidiwa, hakuna rilei, ile swichi ya umeme inayobeba mzigo wa taa, waya kazikunja kwa mkono akafunga selotepu. Wiki ya kwanza raha, barabara nzima nyeupe. Ila wanaokuja mbele wananipigia full, wengine wananitukana, na nikakumbuka yale ya kwenye Noah: dereva aliyepofuka haoni pikipiki, anaona mwanga tu, hajui uko wapi wala una upana gani. Wiki ya pili trafiki akanisimamisha kwa ile bluu nyekundu ya nyuma, akaniuliza mi polisi au mi ambulance, nikaitoa pale pale mbele yake. Wiki ya tatu nimempakia mteja Mbezi Luis saa tano usiku, nanusa kuungua, naangalia chini ya tanki moshi. Waya ulikua umeyeyuka unagusa chuma. Tuliung'oa kwa mkono na leso ya mteja, maskini, na hela hakunidai wala mi sikumdai nauli. Betri nayo ikafa, maana chaji ya pikipiki ni ndogo na taa zile zinakula kuliko taa yake kubwa ya mbele.

Nlizitoa nikaweka mbili ndogo za njano, za size ya kifuniko cha soda, buku saba kila moja, nimezifunga chini kwenye shokapu za mbele, moja kulia moja kushoto, zimeachana kadri inavyowezekana na zinaangalia chini kidogo. Hazimuliki barabara, usinunue kwa ajili ya kumulika. Kazi yake ni umbo: taa kubwa juu katikati na mbili chini, dereva anaona pembe tatu badala ya nukta, na ukimkaribia ile pembe tatu inakua. Nlirudi tena kwenye usukani wa Noah kuthibitisha na nilikadiria umbali vizuri zaidi. Fundi mwingine kaniwekea fyuzi na rilei, alinichaji elfu 15 ufundi, nlimuona ghali ila waya wake ukiuangalia umevalishwa mpira mpaka mwisho, unalala pembeni ya fremu, na ukizima ufunguo kila kitu kinazima.

Kwa hiyo ukiniuliza una elfu 30 tu uanzie wapi, mi ningesema stika mita tatu, taa mbili ndogo za njano, na hela inayobaki mlipe fundi anaejua fyuzi ni nini hata ukimmalizia kesho. Koti la elfu 28 lije baadae, na likija livae juu ya jaketi sio chini. Ile reflekta ya buku tano kama haiwaki kwenye tochi itumie mchana. Na duka mtakaloenda msione aibu kuwasha tochi ya simu pembeni ya jicho, watakucheka wakucheke.

Kitu pekee ambacho bado sijakipatia jibu ni mgongo wa abiria. Nlijaribu kumpa koti, hawataki. Nikanunua helmeti ya pili ya abiria nayo nyeupe, nikabandika nyuma yake stika nyekundu vipande tisa, hiyo walikua wanaivaa wengine, na kwa nyuma ilikua inapendeza mno, kichwa kinawaka. Wiki iliyopita nimeshuka kununua vocha nimeiacha kwenye saiti mira, narudi haipo. Nimeshaagiza mita nyingine ya nyekundu. Na wenzangu wa kijiweni nimewaambia, mkimuona mtu yeyote usiku kichwa kinawaka vipande tisa, msimameni.